Taa ya injini imewaka na mizigo ya wateja imo ndani: pima gari mwenyewe kabla hujafika gereji

Leo naweka pembeni mambo ya picha na bei. Inboksi imejaa maswali kutoka kwenu mnaopeleka oda wenyewe na vigari vyenu, Vitz, Passo, IST, Probox, na karibu yote yanafanana. Ile taa ya njano yenye mchoro wa injini imewaka, gari bado inatembea, je niendelee kusambaza au nipaki? Na fundi akinitajia laki nne, nitajuaje kama ni kweli?

Mimi ni muuza viatu, si fundi. Ila gari ndiyo mkono wangu wa kulia kwenye biashara, kwa hiyo nimejifunza kuipima hii taa nikiwa nyumbani, na nitawaeleza kama ninavyofanya. Lengo si mgeuke mafundi. Lengo ni mfike gereji mkiwa mnajua mnachotaka kuambiwa.

Anza na rangi. Taa nyekundu ya oili au ya joto ikiwaka, simama pale pale penye usalama na uzime injini, hapo hakuna mjadala na makala hii haikuhusu. Taa ya njano ya injini iliyotulia, inawaka tu bila kupepesa, na gari inavuta kama kawaida: unaweza kumalizia mzunguko wako taratibu, lakini leo hii hii uipime, usiizoee. Taa ya njano inayopepesa, inawaka inazima inawaka inazima, na gari inatetemeka au imekosa nguvu: paki. Sikutishi. Kupepesa kunamaanisha kuna silinda haichomi mafuta vizuri, kile mafundi wanachoita gari inamisi. Petroli ambayo haikuungua inatoka inaingia kwenye masega ya egzosi, inaungulia humo, masega yanapata joto kupita kiasi na yanaweza kuyeyuka. Umeanza na koili ya elfu 30 au 40, unamaliza na masega ambayo bei yake ni ya kukopea.

Sasa piga hesabu ya biashara hapo hapo barabarani. Mimi siku yenye oda 10 natumia petroli ya kama 25,000. Oda zile zile nikizipeleka kwa bodaboda kwa wastani wa 5,000 kila moja ni 50,000. Kwa hiyo kupaki gari kunanigharimu 25,000 zaidi kwa siku. Inauma, ndiyo. Lakini hiyo 25,000 unailinganisha na nini? Unailinganisha na masega, si na sifuri. Piga simu boda, watumie wateja ujumbe mapema kwamba mzigo utafika kwa boda na namba ya kijana ni hii, maisha yaendelee. Mteja hakasiriki kwa gari yako kuharibika, anakasirika kwa ukimya wako.

Taa yenyewe inatoka wapi? Gari zetu hizi zina kompyuta, mafundi wanaiita kontroli boksi, na sensa nyingi zinazoipelekea taarifa: joto la maji, hewa inayoingia, moshi unaotoka. Kitu kikitoka nje ya kipimo, kompyuta inaandika namba ya hitilafu kwenye kumbukumbu yake na inawasha taa. Mafundi wanaiita kodi. Si ile ya TRA, tulieni. Marekani ilizitaka gari ndogo zote mpya za kuanzia modeli ya mwaka 1996 ziwe na soketi ya aina moja na namba za aina moja, na Ulaya ikafuata kwa gari za petroli mwaka 2001. Ndiyo maana P0301 ya Toyota na P0301 ya Volkswagen zina maana ile ile, na ndiyo maana kifaa kimoja cha bei rahisi kinasoma gari nyingi.

Kifaa chenyewe ni kidogo kama kiberiti, kinaitwa ELM327. Changu nilinunua Kariakoo kwa 25,000. Kinaunganishwa na simu kwa Bluetooth, halafu unapakua programu kama Torque au Car Scanner. Wenye iPhone muwe makini: zile za Bluetooth ya kawaida hazikubali kwenye iPhone, ulizia ya Wi-Fi au ile iliyoandikwa wazi kwamba inafanya kazi na iPhone. Na nyie wenye gari za zamani zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, baadhi zina soketi lakini hazizungumzi ile lugha ya pamoja, kifaa kinagoma kabisa. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akijaribishe kwenye gari yako hapo hapo. Asipotaka, nenda duka la pili.

Soketi ina matundu 16, iko chini ya dashibodi upande wa dereva, juu ya miguu yako. Inama na tochi utaiona. Chomeka kifaa, washa swichi hadi taa za dashibodi ziwake lakini usiwashe injini. Kwenye simu unganisha Bluetooth, ikikuomba namba ya siri mara nyingi ni 1234 au 0000. Fungua programu, tafuta sehemu ya kusoma hitilafu, subiri.

Ikileta namba, piga skrinshoti. USIFUTE. Hapa wengi wanakimbilia kitufe cha kufuta kwa sababu taa inazima na roho inatulia. Pamoja na namba, kompyuta huwa imehifadhi picha ya ule wakati hitilafu ilipotokea: spidi gani, injini inazunguka kiasi gani, maji yana joto gani. Ukifuta, na hiyo picha inaondoka. Kuchomoa betri ni vilevile, ni kufuta kwa njia ya kijijini. Tatizo likiwa bado lipo taa itarudi, na utakuwa umepoteza ushahidi bure.

Soma namba hivi. Herufi P ni injini na gia. C ni mambo ya chini kama breki na ABS, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0 ni namba ya watu wote, ikiwa 1 mara nyingi ni ya kampuni iliyotengeneza gari, kwa hiyo tafuta maana yake pamoja na jina la gari yako. Inayofuata inakuonesha eneo: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni uchomaji, 4 ni moshi, 7 ni gia. Nyingine utaangalia.

Jambo moja nalirudia kila ninapoulizwa: namba inakutajia DALILI na mtaa wake. Haikutajii kifaa cha kununua. Ukiona P0135, inasema saketi ya kupasha joto sensa ya oksijeni ya mbele ina shida. Inaweza kuwa sensa. Inaweza kuwa waya umekatika. Inaweza kuwa fyuzi ya bei ya chapati. Anayesoma namba na hapo hapo kukuuzia kifaa bila kupima chochote, huyo anafanya biashara kama wewe na mimi.

Namba tutakazokutana nazo sana ni familia ya P0300. P0300 yenyewe ni kumisi kwa silinda zaidi ya moja bila mpangilio. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Kwenye Toyota zetu ndogo ambazo injini imelala kwa upana, silinda ya kwanza ni ile ya upande wa mikanda. Vitz na IST ya 1.3 ina silinda 4, Passo ya 1.0 yenye injini ya 1KR ina 3.

Hii ndiyo unaweza kuipima mwenyewe bila kununua kitu. Zima injini, iache ipoe. Gari nyingi za aina hii kila silinda ina koili yake juu ya plagi, imeshikwa na nati moja ya spana namba 10. Tuseme namba ni P0302. Bonyeza klipu ya soketi ya waya taratibu (plastiki imezeeka, ukivuta kwa hasira inavunjika), fungua nati, vuta koili ya silinda ya pili juu. Kabla hujafanya lingine chungulia shimo na tochi. Kuna maji? Labda gari ilioshwa injini juzi, au mvua imepata njia. Kausha, umeshapata mtuhumiwa. Kuna oili? Gasketi ya tapeti kava imechoka inavujisha kwenye mashimo ya plagi, na hata ukiweka koili mpya nayo itaanza kusumbua.

Shimo likiwa kavu, badilishana: koili ya pili iende ya tatu, ya tatu ije ya pili. Rudisha kila kitu. Sasa ndiyo unafuta namba, kwa sababu una skrinshoti na una jaribio. Zunguka mtaani kidogo, soma tena. Namba ikihama ikawa P0303, koili ndiyo mbovu, kesi imekwisha. Ikibaki P0302, koili haina kosa, fanya mchezo ule ule kwa plagi. Ukifungua plagi angalia nayo: nyeusi yenye masizi makavu, yenye maji maji ya petroli, iliyopasuka ile sehemu nyeupe, zote zinaongea. Plagi nayo isipohama na kosa, basi imebaki nozeli, waya au kompresheni ya injini. Hapo nenda kwa fundi, na umwambie ulichofanya.

Nawapa mfano wa fedha. Mwaka jana mwezi wa nne, mvua zile, Vitz yangu iliwasha taa na ikawa inatetemeka kwenye foleni. Nikasoma: P0302, moja tu, hakuna nyingine. Niliipeleka gereji moja kwanza ili nijue bei, wakachomeka mashine yao, wakaniambia kontroli boksi ina shida na masega yamekufa, jumla 480,000. Nikaomba nione kioo cha mashine yao. Namba ilikuwa ile ile P0302. Nikaaga kwa heshima. Jioni nikabadilishana koili ya pili na ya tatu, ikaja P0303. Koili ya mtumba 35,000, nusu saa, gari ikatulia. Faida yangu kwa pea moja ya viatu ni kama 12,000, kwa hiyo ile 480,000 ilikuwa pea 40. Pea 40 ni kupiga picha, kujibu bei gani mara mia, kufunga na kupeleka. Fikiria uitoe kwa sababu hukujua kuomba kuona kioo.

Tukitaja masega, twende P0420. Hii inasema masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Kompyuta inajuaje? Kuna sensa ya oksijeni kabla ya masega na nyingine baada yake. Ya mbele inapanda na kushuka muda wote, ya nyuma inatakiwa itulie kwa sababu masega yamefanya kazi. Ya nyuma ikianza kucheza kama ya mbele, taa inawaka. Programu ya simu inaweza kukuchorea mistari yote miwili ukiwa umewasha injini, angalia kwa macho yako, ila kumbuka gari nyingine sensa yao ya mbele ni ya aina tofauti na haichezi hivyo. Halafu jiulize: egzosi inavuja mahali? Gari ilikuwa inamisi kabla? Ukibadilisha masega huku koili mbovu bado ipo, unanunua masega ya kuchoma.

Na kuna ule ushauri wa mtaani, tukate masega gari ipumue. Sikiliza vizuri. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni madini ya thamani, yana soko, wanaoyanunua wapo. Anayekukatia bure halafu akabaki nayo, hajakukatia bure. Isitoshe, ukikata, taa ya P0420 itawaka moja kwa moja, na siku tatizo jingine litakapokuja hutajua kwa sababu taa ilikuwa inawaka siku zote. Kama ni lazima yabadilishwe, ya zamani ondoka nayo. Ni mali yako.

P0171 ni mchanganyiko mwepesi, hewa nyingi mafuta kidogo. Kwanza fungua boneti, washa injini, sikiliza mlio wa ssss. Angalia lile bomba kubwa la mpira kati ya filta ya hewa na injini, likunje kunje, nyufa hupenda kujificha kwenye mikunjo. Kama gari imetoka kubadilishwa filta majuzi, anzia hapo, huenda bomba halikubanwa. Kisha tumia kifaa: kuna kipimo cha marekebisho ya mafuta, cha muda mfupi na cha muda mrefu, kwa asilimia. Ukivijumlisha, injini yenye afya inacheza karibu na sifuri, kumi juu au kumi chini bado si shida. Ikiwa ukiwa umesimama ni juu sana, tuseme 20, halafu ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 inashuka, kuna hewa inaingia kwa wizi. Ikiwa inapanda kadiri unavyokanyaga, mafuta hayatoshi, pampu au filta ya mafuta, au sensa ya hewa ni chafu. Sensa ya hewa inasafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, usiiguse kwa kidole wala kitambaa, kile kinyuzi cha ndani ni chembamba mno.

P0128 ni maji hayafikii joto linalotakiwa, mara nyingi thamostati imebaki wazi, au mtu aliitoa akidhani anaisaidia gari isichemke. Injini inabaki baridi, petroli inaliwa zaidi. Ukiona mafuta yameongezeka bila oda kuongezeka, angalia hilo pia.

Mtaona video za Wamarekani zinasema kaza kofia ya tenki la mafuta. Kwao ni sawa kabisa, sheria yao inataka kompyuta ipime mvuke wa petroli unaovuja, ndiyo zile P0442 na P0455. Kaza, haina gharama. Ila kwa Vitz iliyotoka Japani usiweke matumaini yote hapo.

Kifaa kisitembee kimechomekwa siku zote, hasa ukipaki siku kadhaa, kinakula betri taratibu. Na mkiwa mmekichomeka angalieni volti: injini imezimwa betri yenye chaji inasoma kama 12.6, injini ikiwaka iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Chini ya hapo altaneta haichaji vizuri, na umeme mdogo unaleta namba za ajabu ajabu zisizo na kichwa wala miguu.

Kwa fundi, usiende kujionesha. Mafundi wazuri wapo na wanajua vitu ambavyo simu haijui. Sema hivi: namba ni P0302, nimebadilishana koili haikuhama, nimebadilishana plagi haikuhama, naomba unipimie kompresheni na nozeli. Fundi mzuri atafurahi umempunguzia kazi. Wa aina ile nyingine ataanza kukwambia simu zinadanganya. Mwombe na yeye akuoneshe kipimo chake, na kifaa cha zamani akurudishie mkononi. Mimi nyuma ya daftari la mauzo nina ukurasa wa gari: tarehe, kilomita, namba iliyosomwa, kilichofanyika, hela iliyotoka. Taa ikirudi naanzia hapo, sianzi upya.

Na nyie ambao bado mnadunduliza mnunue gari ya kusambazia, kifaa hiki kinunueni kabla ya gari. Siku ya kwenda kuiona, weka swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini LAZIMA iwake hapo, halafu izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa au kuiziba. Kisha soma namba, na usiishie kwenye namba. Fungua sehemu inayoonesha majaribio ambayo kompyuta inajifanyia yenyewe na yapi yamekamilika. Kumbukumbu ikifutwa, majaribio hayo yanaanza upya na huchukua siku kadhaa za kuendesha kawaida kukamilika. Ukikuta mengi bado hayajakamilika kwenye gari ambayo unaambiwa inatembea kila siku, muulize muuzaji namba zilifutwa lini, na kwa nini.